Ndege wa Kilindini na Jawabu Nililolikata

Mke mwenzangu Mwanahawa,

Barua hii nimeianza mara nne. Mara ya kwanza niliandika "Mpendwa", nikalifuta neno hilo kwa sababu sikujua kama nina haki nalo. Mara ya pili niliandika "Shikamoo", nikakumbuka kwamba ni wewe uliyekuwa ukiniamkia mimi, ingawa nani kati yetu alitangulia kuzaliwa hakuna anayejua. Sasa nimeacha kutafuta. Nakuita jinsi ulivyokuwa kwangu.

Sijui uko wapi. Ulisema kwenu ni Kilwa, lakini kwangu mimi Kilwa ni jina tu. Sijui ni kubwa kiasi gani, wala mtu huulizwa wapi akitafutwa huko. Mwalimu anayetufundisha kusoma sisi akina mama hapa Ngokolo anasema gazeti hupokea barua za watu, na gazeti hufika mpaka pwani. Basi nakuandikia kwa njia hiyo, barua ya wazi, wengine waisome kabla yako. Kwa ajili yao nitayasema hata yale unayoyajua. Mwanangu Kabula, aliye nyumbani likizo, ananikagulia herufi. Ameniambia "sijui" zimezidi, nizipunguze. Nimemwambia nikizipunguza haitabaki barua.

Mimi ni Mama Kabula, mke wa kwanza wa Masanja. Wakati ule tulikuwa tunaishi kwenye kambi ya mgodi wa dhahabu huko Geita, na Masanja alikuwa anafanya kazi kwenye mashine za kuponda mawe. Wewe ulifika Geita na mume wako wa kwanza, mpishi wa Wazungu. Akafariki kwa homa, ukabaki ukiuza vitumbua nje ya geti la mgodi. Masanja alikula vitumbua vyako kwa miezi mitatu, kisha akasilimu, kisha akaja kuniambia. Kwa mpangilio huo huo.

Siku ulipoletwa nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimepanga maneno matatu makali, na kila moja lilikuwa na mahali pake. Wewe ukaingia uani na mkeka wako begani, ukapiga goti kidogo kama wafanyavyo mabinti wa kwetu, sijui nani alikufundisha, ukasema, "Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikajibu, kabla sijakumbuka kwamba nimekasirika.

Baadaye nilikusalimu kwa Kiswahili changu cha Kisukuma, "Habali ya safali," nawe ukacheka mpaka ukakaa chini. Nilitaka kukuchukia kwa kicheko kile. Lakini kesho yake ulinikalisha karibu na jiwe la kusagia ukaniambia, "Sema rrr, kama mashine ya Baba Kabula." Tulisaga mtama huku tunanguruma wote wawili, na Kabula katikati yetu naye ananguruma. Hata leo siwezi kusema kama siku zile nilikuwa na furaha au nilikuwa tu sina nafasi ya kuwa na huzuni.

Mvua ya mwaka ule unaikumbuka. Ilianza na upepo. Siku mbili ulivuma kutoka mashariki, mabati ya ofisi ya mgodi yakang'oka, nyasi za paa la jiko letu zikatapakaa uani. Siku ya tatu asubuhi kukawa kimya, jua likatoka kama vile halihusiki. Tulikwenda kuokota kuni upande wa bwawa la mgodi, lile la maji meupe yaliyokwisha kuoshea dhahabu, ambayo ng'ombe akiyanywa hafiki nyumbani.

Mimi niliona kitu cheusi ukingoni, nikadhani ni kipande cha gunia. Wewe ulisimama.

"Dada, yule si bata."

"Ni nini?"

Ulitua kuni, ukakunja kanga mpaka magotini, ukaingia kwenye tope. Askari wa mgodi akapiga kelele kutoka kibandani kwake: "Wee mama! Maji hayo sumu! Unataka kufa?"

Ulimjibu bila kugeuka, "Na huyu je, anataka kufa?"

Ulipomshika alikutapikia. Yalikuwa mafuta, mekundu kama mawese, yananuka samaki waliosahauliwa juani, na yote yaliingia kwenye kanga yako mpya. Mimi ningemtupa pale pale. Wewe ulimnusa, Mwanahawa, ulimnusa kama mtu anavyomnusa mtoto mchanga, ukaanza kucheka na machozi yanakutoka.

"Ndiye. Harufu ndiyo hii hii."

Tulimpeleka mtoni tukamwosha. Alikuwa mkubwa kama njiwa, lakini mabawa yake hayakulingana naye. Yalikuwa membamba na marefu, hata alipoyakunja ncha zilivuka mkia. Mwili wote kahawia iliyokaribia weusi. Mdomo mnene, mbele umepinda kama ndoana, na juu ya mdomo palikuwa na vibomba viwili vidogo ambavyo ndivyo pua yake. Sijapata kuona pua ya namna ile kwa kiumbe chochote. Tulipomweka chini hakusimama. Alijikokota kwa magoti, mabawa yakiburuta mavumbi, akajificha chini ya kanga yako.

"Kavunjika miguu," nilisema.

"Hakuvunjika. Hajui kutembea, ndivyo alivyo. Huyu ni ndege wa kilindini, dada. Nchi kavu si kwao."

Ndipo uliponieleza kuhusu baba yako, aliyekuwa anatia makaa kwenye tanuri la meli. Ulisema taa za meli huwavuta ndege hawa, wakaanguka sitahani na kushindwa kuruka tena, na safari moja baba yako alishuka na mmoja ndani ya kapu, akakaa kwenu siku mbili. Ulikuwa mdogo, lakini baba alikwambia yote, na wewe uliniambia yote, huku tunamwagia maji mabawa yake. Kwamba analala juu ya maji na anakula juu ya maji. Kwamba hunywa maji ya chumvi, na chumvi hutoka kwa matone kupitia pua. Kwamba anapaa karibu kabisa na mawimbi bila kupiga mabawa, akiegemea upepo. Kwamba hurudi nchi kavu kwa ajili ya kutaga tu, yai moja kwa mwaka, ndani ya shimo la jabali. Dume analilalia siku nyingi bila kula akimngoja jike arudi na shibe, kisha wanapokezana.

"Jabali hilo liko wapi?" nilikuuliza.

"Hakuna anayejua. Mabaharia wote wanamfahamu, lakini baba alisema hajakutana na hata mmoja aliyeona yai lake."

"Kama hakuna aliyeliona, baba yako alijuaje kwamba ni moja?"

"Alijua tu," ukasema, na nikaona nimekuudhi.

Uliniambia pia kuhusu kinda. Wazazi humlisha mafuta hadi anawashinda wao kwa unene, kisha siku moja wanaondoka na hawarudi. Anakaa shimoni peke yake, njaa inampunguza, mabawa yanakomaa, naye anatoka na kuelekea baharini bila kuonyeshwa njia na mtu. Mimi nilisema hao ni wazazi wabaya. Nilikuwa nimezika watoto wawili kabla ya Kabula, nilijiona nina ruhusa ya kusema hivyo. Wewe hukuwa umepata kuzaa. Uliendelea kumwosha.

Ulimweka ndani ya sanduku la sabuni, jikoni, nyuma ya chungu cha maji. Ulimlisha dagaa wa ziwani waliolowekwa, ukimfungua mdomo kwa kidole. Hayo niliyavumilia. Lakini siku ya pili nilifungua kibuyu changu cha chumvi, chumvi ya Uvinza niliyokuwa naitunza, nikaona imeshuka vidole viwili.

"Mwanahawa, chumvi yangu imekwenda wapi?"

"Nimemtia kwenye maji. Samahani dada, maji matupu hayamfai."

"Watu wanakula mboga chapwa, ndege anakunywa chumvi!"

Ulisema samahani mara ya pili. Nami nilibeba ndoo yangu nikaenda bombani nikiwa na hasira ile, ya kijinga tu, ya chumvi. Pale nilimkuta jirani yetu Mama Ng'washi. Nikamsimulia. Nilimwambia una ndege mweusi jikoni, hatembei, hanywi maji ya watu, na matone yanamtoka puani kutwa kama anayelia msiba. Nilisema kwa mzaha. Nadhani nilisema kwa mzaha. Mama Ng'washi alicheka, nakumbuka meno yake. Lakini ndoo yake ilijaa ikamwagika naye hakufunga bomba.

Siku iliyofuata Kabula alishikwa na homa.

Hapa ndipo kichwa changu kinapovurugika, na nimeomba Kabula asisahihishe kitu. Wewe ulitaka apelekwe zahanati ya kambi. Masanja alitaka twende kwa nfumu, mganga wetu anayeagua kwa kuku, na kuku huyo ni lazima apelekwe na mama mzazi. Mtoto alikuwa anatetemeka. Nilitazama huku na huku. Mwishowe wewe ulimfunga Kabula mgongoni, na mimi nikamkwapua kuku, Masanja akanifuata, tukatoka mlango mmoja na kugawana njia. Nilikupa mtoto wangu wa pekee bila kusita hata kidogo, na dakika hiyo hiyo nilikuwa nakwenda kuuliza ni nani anayemwua. Niambie mtu anawezaje kufanya mambo hayo mawili kwa pamoja. Nimejiuliza miaka yote hii.

Nfumu alimpasua kuku, akatazama ndani, akasema, "Nyumbani kwenu yupo mgeni asiyekunywa maji ya watu."

Masanja akaniangalia. Nyumbani nilikukuta umempakata Kabula, amekwisha kunywa kwinini, umemfuta jasho, amelala. Ulisema, "Daktari kasema apewe tena jioni na kesho." Nikasema ahsante. Sikukwambia nilikotoka, nawe hukuuliza.

Baada ya muda mrefu ndipo nilipokumbuka kwamba mke wa yule nfumu alikuwa anateka maji bombani petu, pamoja na Mama Ng'washi. Basi nikasema, kumbe, ni maneno yangu mwenyewe yaliyonirudia kupitia mdomo wa mganga. Nilishika hivyo kwa mwaka mzima. Kisha nikaanza kuwaza: na kama aliona kweli? Ndege alikuwepo kweli, na kweli hakunywa maji ya watu. Hakusema uongo hata mmoja.

Kesho yake alfajiri niliamka kumtazama Kabula. Hakuwa na moto. Alifungua macho akasema, "Mayu, uji." Nilisimama pale mlangoni nimeshika upawa, na kutoka jikoni nikakusikia unaongea. Ulikuwa umeinama juu ya sanduku. Ulikuwa unamwambia ndege, kwa sauti ambayo sijawahi kukusikia ukiitumia kwa mtu yeyote, "Kula, mwanangu. Kula upate nguvu, nikupeleke juu upande upepo."

Ulipotoka kwenda kumtafutia dagaa, nilipika uji. Kabula akanywa bakuli zima.

Mchana watu wakaja kukuita, wakisema unamroga Kabula kwa ndege wako. Mnyapara mkuu wa kambi alikaa kwenye kiti mbele ya ofisi yake, na watu wamejaa, wengine wa kwetu, wengine wachimbaji waliotoka mbali wasiojua hata lugha yetu, wamefuata tu kelele. Ulikuja na sanduku kichwani. Uliamini kwamba wakimwona vizuri wataelewa. Ulimtoa, ukamwonyesha pua, ukaanza kueleza habari za bahari na jabali na yai moja. Ndege akamtapikia mtu wa mbele, na watu wakarudi nyuma wakipiga mayowe.

"Bahari iko wapi hapa?" mnyapara akakuuliza.

"Upepo ndio uliomleta, mzee."

"Upepo umeruka Tabora, umeruka Shinyanga, ukamleta jikoni kwako?"

Watu wakacheka. Nawe ukasema, polepole, "Hata mimi sijui kwa nini, mzee."

Kisha akaniita mimi. Nilipita mbele. Masanja alikuwa amesimama pembeni anatazama viatu vyake. Mnyapara hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka, alitaka kurudi ndani kwenye kivuli.

"Mama Kabula, wewe unaishi naye. Umepata kumsikia akisema na huyu ndege?"

Mwanahawa, nilikuwa na mambo mawili mdomoni. La kwanza, mtoto amepona, anakunywa uji, kwa nini tuko hapa. La pili, maneno yako ya alfajiri, yote, kama yalivyokuwa. Nilikutazama. Uliniitikia kwa kichwa, kama kunitia moyo, ulijua nitasema kweli.

"Nilimsikia akisema naye," nikasema.

"Basi," akasema mnyapara.

Nilikuwa sijamaliza. Au nilikuwa nimemaliza, hapo ndipo sijui. Nakumbuka mdomo wangu ulikuwa wazi bado. Nakumbuka watu waliguna wote kwa pamoja na mnyapara akasimama. Ningeweza kuipandisha sauti. Nina sauti kubwa, unajua, ya kuitia ng'ombe. Sikuipandisha. Je, ilikuwa hofu ya watu? Ilikuwa kwa ajili ya Kabula? Au ilikuwa Masanja na vile vitumbua, vilivyokuwa bado vimekaa mahali ndani yangu, pamoja na kunguruma kote na kucheka kote? Kila nikichagua moja, nyingine mbili zinanikatalia.

Uamuzi ulikuwa uondoke kambini kabla jua halijazama, wewe na ndege wako.

Uliweka mkeka wako na nguo zako ndani ya shuka. Hukulia. Masanja alikaa ndani kitandani, akaita jina lako mara moja, ukasema, "Abee," kisha hakusema kitu kingine. Ulipotoka nilikufuata. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimebeba sanduku, ni lazima niwe nimeliokota mwenyewe, lakini sikumbuki nilipoinama.

Tulipanda kilima kilicho nyuma ya kambi, kile ambacho ukifika juu na hewa ikiwa safi unaona mng'ao wa ziwa kwa mbali. Ulisema hawezi kuruka kutoka chini, ni lazima apate mahali pa juu na upepo usoni, baba yako alifanya hivyo hivyo kwenye jabali. Juu kulikuwa na upepo. Ulimtoa ukamshika kwa mikono miwili, kifuani.

"Dada, mtoto ameamkaje?" uliniuliza. Wakati ule ndipo ulipouliza.

"Amekunywa uji," nikasema.

"Lini?"

"Asubuhi."

Ukanielewa. Niliona jinsi ulivyonielewa. Ulikuwa na nafasi ya kusema lolote juu ya kilima kile, palikuwa na mimi na wewe tu. Ulisema, "Alhamdulillahi," ukageuka ukanyoosha mikono, ukamwachia.

Alianguka. Alishuka kama jiwe kuelekea kwenye miti, na mimi nikafumba macho. Nilipofumbua sikumwona. Wewe ulikuwa umeinua mkono unakinga jua, unatazama mbali, upande wa mashariki.

"Kaenda," ukasema.

"Mimi nimeona ameanguka."

"Kaenda, dada. Hukuona alivyoegemea upepo?"

Sikuona. Nilitafuta mbinguni mpaka shingo ikauma. Nikakwambia nitashuka nikatazame kule mitini, ukanishika mkono, ukasema niache. Sijui kama uliniambia niache kwa kuwa ulimwona akienda, au kwa kuwa hukutaka nimkute.

Lori la pamba lilikuwa linakwenda Kagongwa. Ulisema utashuka huko, ufike Isaka upande treni. Nilikusaidia kupanda juu ya magunia. Nilitaka kukuomba radhi, lakini dereva akawasha injini, nawe ukaniambia kwa sauti, "Kwinini ya jioni usisahau!" Sikusahau.

Kabula alipona kabisa. Watu wakasema, umeona? Mama Ng'washi akaniletea kuku wa pongezi. Na mimi nilifurahi, nitasema uongo nikisema sikufurahi. Mwanangu alikuwa anakimbia uani. Kwinini ilikuwa yako, kuku wa nfumu alikuwa wangu, na kuondoka kwako kulikuwa kwa watu wote. Mtoto ni mmoja. Sijui nimshukuru nani.

Masanja hakuoa tena. Hatukupata mtoto mwingine. Baada ya miaka michache aliacha kazi ya mgodini, kifua kilimsumbua, tukarudi Shinyanga, tukajenga hapa Ngokolo. Jina lako hakulitaja. Mwaka jana alipokuwa anaumwa sana alisema kitu kimoja, "Yule alikuwa anapika vizuri." Nikasema ndiyo. Akafariki baada ya siku sita, na nadhani unapaswa kulijua hilo, kwa kuwa na wewe ni mjane wake. Sijui kama kwa sheria ya dini yenu bado ulikuwa mkewe. Hakukupa talaka mbele yangu.

Kabula sasa yuko shule ya misheni. Siku moja alirudi likizo amebeba daftari alilonakili kutoka kwenye kitabu cha ndege cha mwalimu wake. Nilikuwa nimemsimulia, si yote. Alinisomea akitafsiri kadiri alivyoweza. Waingereza wanamwita petreli, na wako wa aina nyingi. Pua ya vibomba. Mafuta ya tumboni, anayotapika anapoogopa. Chumvi inayodondoka puani. Yai moja, ndani ya shimo. Dume na jike kupokezana. Kinda mnene anayeachwa. Nilikuwa nachambua mchele, nikauacha.

"Na huyu mweusi wote, wa kahawia?" nikamuuliza. "Anataga wapi?"

Kabula alipekua. "Mwalimu anasema wapo wa rangi hiyo ambao wataalamu bado hawajapata viota vyao, mama. Wanawaona baharini tu. Wanadhani nao ni yai moja, kwa sababu ndugu zao wote ni hivyo."

Nilicheka, Mwanahawa. Nilikumbuka nilivyokuudhi pale mtoni, nami nikaona kwamba sote wawili tulikuwa sawa. Kisha nilitoka nje nikakaa nyuma ya nyumba, kwa sababu sikutaka mtoto anione.

Kwa hiyo mwezi uliopita nilifanya jambo. Kulikuwa na harusi ya ndugu yake Masanja huko Geita, Kalangalala. Nikaambiwa yule mnyapara mkuu bado yu hai, amestaafu, anaishi jirani hapo na binti yake. Nilikwenda. Njia nzima nilirudia maneno, kama yale matatu makali niliyokuandalia siku ulipokuja. Nilimkuta ameketi juani amejifunika blanketi. Nikapiga goti nikamwamkia, nikaeleza mimi ni mke wa nani. Nikasema, "Mzee, siku ile ya baraza uliniuliza swali, nikalijibu nusu. Nimekuja kulimalizia." Nikamwambia yote. Nikamwambia mtoto alikuwa amekwisha kupona asubuhi. Nikamwambia ulichokuwa unamwambia ndege, neno kwa neno.

Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanamke yupi, mayu?"

"Mwanahawa. Mtu wa pwani. Mwenye ndege."

Alifikiri. Alijitahidi, nilimwona anajitahidi. "Ndege," akasema. "Hapana. Mabaraza yalikuwa mengi." Akamwita binti yake aniletee maji ya kunywa.

Nilirudi harusini watu wanacheza ngoma. Nilitaka kumkasirikia, lakini hasira haikupata pa kushika. Miaka yote nilidhani jawabu langu limewekwa mahali fulani, limehifadhiwa, na siku nikipata ujasiri nitalikuta nilitengeneze. Kumbe limebaki kwangu peke yangu. Na kwako, kama uko hai. Hakuna mwingine wa kumwambia, ndiyo maana nimekuandikia.

Basi nasema hapa, mbele ya kila anayesoma: Mwanahawa hakuwa mchawi. Mtoto wangu alikuwa amepona kabla hajahukumiwa, nami nilijua. Nilisikia alichosema, kilikuwa kizuri, na nilikikata.

Sijui kama kusema hivi kunafaa kitu sasa. Sijui kama nataka uje au naogopa uje. Kabula anasema niandike namna ya kufika, hata hivyo. Ukishuka kituoni Shinyanga ulizia Ngokolo, kisha ulizia kwa Mama Kabula. Uzio wetu ni wa minyaa. Usisimame nje ukapiga hodi kama mgeni. Zunguka nyuma, ingia moja kwa moja jikoni.

Mimi, mke mwenzako,
Mama Kabula